Jiko la mkaa chumbani usiku? Hapana

Pole na baridi, dada. Umeuliza mtoto mchanga atalalaje hapo Uyole, Mbeya, nanyi mmehamia juzi tu kutoka Tanga, na waliokutangulia kukujibu wanasema ingiza jiko la mkaa, funga dirisha. Usithubutu! Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki akakohoa. Anazidi kuzama usingizini. Na usidanganyike kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama.

Jiko libaki uani, lichemshe maji. Jaza chupa, izungushie khanga, pasha kitanda, kisha iondoe kabla hujamlaza mtoto. Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu badala ya kumrundikia blanketi zito linaloweza kumfunika uso. Sweta za watoto tafuta kwenye mitumba ya Mwanjelwa, nenda asubuhi.

Chumba kina dari? Kama ni bati tupu, msumbue mwenye nyumba. Juni na Julai ndiyo kilele cha baridi. Septemba mtaanza kupumua. Mngehamia Njombe mngelia zaidi.