Kanga haikanyagwi: maswali yenu kuhusu sakafu na kuta za nyumba za mtandaoni

SWALI: Asalaam aleikum dada. Nina kijumba changu ndani ya Second Life, na chumba kimoja nataka kifanane na cha bibi yangu. Nilitandaza kanga yake uani, nikaipiga picha kwa simu, nikaibandika sakafuni. Imekuwa kichekesho. Pindo zinakatiza katikati ya chumba kama mistari ya barabara, na jina la kanga linasomeka kila baada ya hatua mbili. Mgeni wangu mmoja wa Brazil kaniuliza hilo ni tangazo la nini. Nikipunguza marudio, picha inavutika mpaka haijulikani ni kanga au turubai. Nifanyeje?
Kijana wa Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwa wasioijua, Second Life ni dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na Linden Lab, kampuni ya San Francisco. Watu hununua au hukodi ardhi humo, wakajenga, wakaalikana. Haina mabao wala mshindi. Wengi wetu tunashinda kutwa humo tukihamisha makochi tu.

Kabla ya ufundi, nikugombeze kidogo. Kanga ya bibi, tena yenye jina, inatandikwa chini watu wapite na viatu? Chini pana mkeka, na wewe uko Pemba kwenyewe, penye mikeka yake. Kanga ipandishe ukutani, pale ndipo itakapoonekana. Kisha mambo yako mengine yote yatakuwa mepesi, kwani mkeka kwa maumbile yake ni kitu cha kujirudia, na kanga sivyo.

Tatizo lako ni hili. Programu inachukua picha moja na kuipanga ubavu kwa ubavu mpaka sakafu ijae. Kanga nzima haiwezi kupangwa hivyo, kwa sababu ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Unachotafuta ni kipande ambacho ukingo wake wa kulia unaungana na wa kushoto, na wa juu unaungana na wa chini. Kanga yenye korosho moja kubwa katikati haina kipande hicho, usijisumbue. Kisutu unacho, maana mji wake umejaa nakshi ndogo zile zile, nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Kwa mkeka, utazame kwa karibu kabla hujatoa simu. Ule ni ukili mrefu uliosukwa, kisha ukazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu. Rangi za ukindu zina zamu yake: hesabu zambarau inaanza wapi na inarudi wapi. Picha yako lazima ichukue zamu nzima, pamoja na mshono unaounganisha kili. Ukikata katikati ya zamu, sakafu nzima itaonekana imeshonwa na mtu mwenye usingizi.

Piga picha barazani, kivulini, asubuhi, simu umeishika juu ya mkeka, imelala sambamba nao. Flashi usiwashe. Inaacha doa la mwanga katikati, na doa hilo likirudiwa mara tisini utapata sakafu ya madoadoa. Kisha fungua picha kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, uikate iwe mraba, na utumie Offset kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Kingo zote nne zitahamia katikati, mshono mbaya utauona kwa macho yako, na utaufuta kwa brashi ya kunakili. Hifadhi kwa pikseli 512 kwa 512. Second Life inapenda vipimo vinavyozidi mara mbili mbili, kama 256, 512 na 1024. Ukileta vingine itavilazimisha yenyewe, na hapo ndipo picha zinapovutika.

Sasa hesabu. Tuseme ukili una upana wa sentimita 10 na umepiga kili tano: kipande chako ni nusu mita. Chumba cha mita 3 kwa 8 kitataka marudio 6 upande mmoja na 16 upande wa pili. Andika namba hizo, usikisie kwa jicho. Na kabla hujabandika chagua Select Face, ili picha ikae upande wa juu wa sakafu peke yake.

Kupandisha picha ya kiasi hicho ni L$10, yaani dola kumi za Linden, pesa ya humo, kwa akaunti ya kawaida. Si pesa nyingi, lakini ukijaribu ovyo ovyo zinakwisha. Kwenye dirisha la kuchagua picha kuna sehemu inaitwa Local: hapo unaitazama picha iliyo kwenye kompyuta yako bila malipo, na unaiona wewe peke yako. Ukiridhika ndipo ulipie.

SWALI: Nimejenga nyumba ya Mji Mkongwe, nimetumia picha ya ukuta wa mawe, lakini rafiki zangu wanasema inafanana na gereza. Nimekosea wapi?
Msomaji wa Michenzani

JIBU: Umevua nyumba nguo ukaiacha na mifupa. Mawe ya matumbawe kwenye nyumba zile yamefunikwa kwa lipu ya chokaa. Ukiyaona yako nje, ujue lipu imebanduka na nyumba inaomba fundi. Ndani weka chokaa, lakini usiweke nyeupe tupu, kwa sababu mwanga wa Second Life unaichoma mpaka ukuta hauna umbo. Ipunguze kidogo, ielekee kwenye rangi ya maziwa.

Picha ya lipu iwe kubwa, ichukue ukuta mita 3 au 4 kwa mara moja. Doa moja la unyevu linapendeza. Likijitokeza kila mita, mgeni analigundua mara moja. Unyevu wenyewe uweke chini, karibu na sakafu, maana kuta zile zinavuta maji na chumvi kutoka ardhini: tengeneza ubao mwembamba wa sentimita moja, uubandike chini ya ukuta, uupe picha yake yenyewe.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, usizichore. Picha ya kidaka kwenye ukuta bapa inaonekana ni stika. Chukua boksi, liongezee Hollow (uwazi wa ndani), lilaze, ulizamishe ukutani penye nafasi uliyoiacha, na ndani uweke bakuli au birika. Kivuli kitakuja chenyewe.

Upana wa chumba usizidishe sana. Vyumba vya asili ni vyembamba, karibu mita 3, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua. Kwa bahati nzuri dari zake ni za juu, na kamera ya Second Life, inayokufuata kutoka nyuma ya kichwa, inahitaji nafasi hiyo hiyo.

SWALI: Dada, nimeweka zulia juu ya sakafu, linamemeta na kucheza cheza kila nikitembea. Kompyuta imeharibika?
Mama wa Chake Chake

JIBU: Kompyuta yako ni nzima, bi mkubwa. Nyuso mbili zimekaa kimo kimoja, na mashine haijui ipi iwe juu. Inua zulia kwa mita 0.01, litatulia.

SWALI: Nyumba niliyonunua hainiruhusu kubadilisha ukuta. Na je, nikitengeneza picha za kanga naweza kuziuza humo?
Msomaji wa Paje

JIBU: Nyumba yako imeuzwa bila ruhusa ya kurekebisha, na hilo hulibadili baada ya kununua. Tengeneza mbao nyembamba zako mwenyewe, uzisimamishe mbele ya ukuta, uzipambe utakavyo. Nafasi inayopotea ni sentimita moja tu. Siku nyingine soma ruhusa kabla ya kulipa.

Kuhusu kuuza: kanga ya dukani ina mchoraji wake au kiwanda chake. Kuiweka kwenye chumba chako ni jambo moja, kuiuza ni jingine, na sheria ya hakimiliki ya Zanzibar haiangalii kama kitambaa ni cha kweli au cha mtandaoni. Chora nakshi zako, au umwendee mama anayesuka mkeka, mkubaliane bei ya kuupiga picha. Ukikwama, ofisi ya COSOZA, inayosimamia hakimiliki Zanzibar, ipo hapa hapa kisiwani, waulize kabla hujafungua duka.