Maswali na Majibu: Prosesa Inayokaa Bure

Maswali ya safari hii mengi yameangukia sehemu moja: ile namba inayosema prosesa haina kazi. Nimeyafupisha kidogo.

"Fundi, habari za kazi. Kompyuta ya dukani imekuwa nzito. Nimefungua Task Manager nikakuta kitu kinaitwa System Idle Process kinakula 97%. Nikikifunga kinagoma. Ni kirusi?" (Morogoro)

Nzuri, ndugu. Si kirusi, kiache. Hiyo 97% ni muda wa prosesa ambao hakuna programu iliyouomba. Windows hutaka kila sekunde iwe na mwenyewe, kwa hiyo zile zisizo na mtu huandikiwa huyo, aliye namba 0. Linux nayo ina wa kwake, ila haimtoi kwenye orodha. Kwenye prosesa za Intel na AMD, kazi yake ni kutoa amri kama HLT, inayoisimamisha prosesa mpaka kibodi, taima au kadi ya mtandao iiamshe. Kompyuta ikiwa nzito huku prosesa iko bure kiasi hicho, tazama RAM na diski.

"Seva yangu ya Linux ina kiini kimoja cha prosesa. Kuna programu inaamka mara 250 kwa sekunde, inasoma sensa, inalala. Kwenye top (orodha ya Linux ya nani anatumia prosesa) programu yenyewe inaonyesha 12%, lakini mstari wa juu unasema prosesa iko bure 99%. Nimwamini nani?" (Nairobi)

Mwamini wa 12%. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, acha nilichambue.

Hesabu ya zamani ya muda wa prosesa hutegemea tiki ya taima, yaani mlio unaorudi kila baada ya muda mfupi uleule. Kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, hujengwa ipate tiki 100, 250 au 1000 kwa sekunde; ikiwa 250, kila tiki ina milisekunde 4. Tiki ikilia, kerneli inatazama nani yuko kwenye prosesa sasa hivi, na huyo anaandikiwa milisekunde zote 4. Ni kama mnyapara anayepita shambani kila baada ya saa moja: atakayemkuta na jembe mkononi anaandikiwa saa nzima, na aliyelima dakika hamsini akaketi kabla mnyapara hajafika hapati kitu. Programu yako ikiamka mara tu baada ya tiki, ikafanya kazi kwa milisekunde 0.48 na kulala, tiki inayofuata haiikuti. Mara 250 kwa 0.48 ni milisekunde 120 kila sekunde, yaani ile 12% yako.

Mbona basi kwenye mstari wa programu inaonekana? Kwa sababu hiyo inatoka kwa kipanga kazi, sehemu ya kerneli inayoamua programu ipi ipewe prosesa. Tangu Linux 2.6.23 ya mwaka 2007, kipanga kazi hutazama saa ya nanosekunde kila kinapobadilisha programu. Muda wa kukaa bure nao, tangu 2.6.21 ya mwaka huohuo, kwa kawaida hupimwa kwa saa, maana tiki huzimwa prosesa isipokuwa na kazi: kerneli huandika saa ya kuingia usingizini na saa ya kutoka. Ndiyo maana upande wa "bure" umepata 88 yake sawasawa, huku upande wa kazi, unaongoja tiki, ukipata karibu na sifuri. Jumla haifiki 100. top hugawa kwa jumla aliyoikuta, si kwa sekunde halisi, na 88 kati ya 89 ni 99%.

Hili si la sensa peke yake. Mwaka huohuo wa 2007, Dan Tsafrir, Yoav Etsion na Dror Feitelson walionyesha kwamba programu isiyo na ruhusa yoyote ya msimamizi inaweza kuchota sehemu kubwa ya prosesa kwa kukwepa tiki tu, na kwenye hesabu ikaonekana imelala.

Dawa ipo: kusoma saa kila programu inapoingia na kutoka kwenye kerneli. Mfumo wa Solaris 10 ulifanya hivyo kwa kila mchakato (programu iliyo mbioni) tangu 2005, na Linux inaweza kujengwa hivyo. Gharama ni kule kusoma saa mara nyingi. Kwa maoni yangu, kwenye laptopu haina maana. Kwenye seva ambayo mteja analipia muda wa prosesa, kutegemea tiki ni uzembe.

"Bosi anataka namba iitwayo 'wa' kwenye top ishuke chini ya 5% kabla ya mwisho wa mwezi. Nianzie wapi?" (Dar es Salaam)

Ukitaka kumridhisha bosi, ipe prosesa kazi nyingine yoyote, itashuka leo leo. Sikutanii. Chukua mashine ya viini 4, iwe na programu moja inayosoma diski polepole: wa itazunguka karibu na 25%. Sasa washa programu nne za kukokotoa tu. wa itaanguka karibu na sifuri, na diski iko vilevile ilivyokuwa.

Sababu ni kwamba wa ni muda wa kukaa bure uliobandikwa lebo nyingine: kiini hakina kazi, na kuna mchakato uliotoka hapo ukingoja diski. Kiini kikipata kazi, lebo inaondoka. Tena mchakato unaongoja haumo kwenye kiini chochote, kwa hiyo kuuandikia kiini fulani ni kubahatisha. Mwongozo wa Linux wenyewe unasema namba hii si ya kutegemewa na kwamba wakati mwingine hurudi nyuma, jambo la ajabu kwa kihesabio. Mpelekee bosi namba ya /proc/pressure/io, iliyokuja na Linux 4.20. Hiyo inapima muda ambao michakato ilikwama kwa ajili ya diski.

"Nimeandika skripti inayosoma /proc/stat, faili ya Linux yenye hesabu za muda wa prosesa, inipe asilimia ya kukaa bure. Mwezi mzima inatoa 91% tu." (Mombasa)

Unasoma jumla tangu mashine iwashwe. Soma mara mbili, toa. Tuseme viini 4, sekunde 10 katikati, na kipimo ni sehemu ya mia ya sekunde: jumla ni 4000. Kama idle (muda wa kukaa bure) ilikuwa 884210 ikawa 885910, tofauti ni 1700, sawa na 42.5%. Na tofauti ikitoka hasi kwenye iowait (ndiyo ile wa ya top), ihesabu sifuri.

"Kwenye top, st ni nini?" (Mwanza)

Muda ambao mashine yako pepe (kompyuta ya kukodi iliyo ndani ya kompyuta kubwa ya mwenyeji) ilikuwa na kazi ila mwenyeji aliipa prosesa mashine ya jirani. Ikikaa juu, kuboresha programu yako hakutasaidia. Zungumza na anayekukodisha.

"Seva iko bure 50%. Naweza kuchukua wateja mara mbili?" (Kampala)

Usiahidi. Kama kila kiini kinaonekana kama prosesa mbili, wawili hao wanagawana vifaa vilevile. Nusu ikiwa na kazi, huenda kila kiini tayari kina mtu, na nusu iliyobaki itakuongezea kidogo tu. Kuna la kinyume pia: kasi ikiwa imeshushwa kuokoa umeme, hiyo 50% ni ya prosesa inayotembea, na ikikimbia nafasi inaongezeka. Ongeza mzigo kidogo kidogo ukipima muda wa kujibu ombi moja. Pale muda huo unapoanza kupanda kwa kasi, ndipo seva yako imejaa, hata kama top bado inasema iko bure 30%.