Raspberry Pi 3 haioni waifai: anza kukagua hapa

Mkuu, umesema kompyuta yako ndogo ya Pi 3 Model B huko Mji Mkongwe Bagamoyo haiingii kwenye waifai, na ikiingia inakatika, ingawa umeweka faili la wpa_supplicant.conf (la jina na nywila ya waifai) kwenye kadi kama video zinavyoelekeza. Kadi haina kosa, video ndizo zimepitwa na wakati. Tangu toleo la Bookworm la Raspberry Pi OS (mfumo endeshi wa Pi), Oktoba 2023, mtandao unasimamiwa na programu ya NetworkManager, na faili hilo likiwekwa kwenye kadi halisomwi tena.

Ukikubali kufuta kadi, iandike upya kwa programu ya Raspberry Pi Imager na ujaze jina la waifai, nywila, nchi na SSH (njia ya kuingia kwenye Pi toka kompyuta nyingine) humo humo. Kama hutaki kufuta, chomeka waya wa mtandao toka kwenye ruta, ingia kwa SSH, kisha:

sudo raspi-config nonint do_wifi_country TZ
sudo rfkill unblock wifi
nmcli dev wifi list

Usiruke hiyo ya nchi. Nchi isipowekwa, redio hubaki imefungwa na orodha inatoka tupu, halafu mtu anaanza kulaumu bodi. Ukiweka US kwa mazoea ya video, chaneli ya 12 na 13 huzioni, na kama ruta imejichagulia 13 utatafuta mchawi bure.

Jina la waifai yako likionekana, liweke badala ya JinaLako:

sudo nmcli dev wifi connect "JinaLako" password "nywila"

Waifai za majirani zinaonekana ila yako haionekani? Pi 3 Model B inashika GHz 2.4 tu, GHz 5 ilianza na 3B+ mwaka 2018. Washa 2.4 kwenye ruta. Unatumia hotspoti ya iPhone, washa Maximize Compatibility. Android ina mahali pa kuchagua bendi. Usalama weka WPA2, maana WPA3 peke yake inasumbua bodi hizi.

Sasa hilo la kuunganika na kukatika. Angalia nguvu ya mawimbi:

iw dev wlan0 link

Ikisoma -60 dBm uko vizuri. Ikishuka chini ya -75 usitegemee utulivu. Nyumba za zamani za hapo zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta mbili tu zinatosha kukumaliza. Kasha la chuma nalo litupe, antena iko kwenye bodi yenyewe. Kwa nyumba ya aina hiyo mimi ningetandaza waya tu kuliko kununua kiongeza mawimbi.

Mawimbi yakiwa mazuri na bado inakatika, shuku umeme:

vcgencmd get_throttled

Jibu zuri ni 0x0. Ukiona 0x50000, volti zilishuka wakati fulani tangu iwake. 0x50005, zimeshuka hata sasa hivi. Inataka volti 5 na ampea 2.5, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo. Kebo nyembamba ndefu inakula volti, na hewa ya chumvi ya pwani inakula tundu la micro USB: likiwa na kutu ya kijani, safisha kwa spiriti bodi ikiwa imezimwa.

Halafu zima usingizi wa redio, na uiambie isichoke kujaribu:

sudo nmcli con mod "JinaLako" 802-11-wireless.powersave 2
sudo nmcli con mod "JinaLako" connection.autoconnect-retries 0

Hiyo ya pili ni ya siku umeme unapokatika na kurudi. Ruta hutangaza jina kabla haijawa tayari kugawa anwani, Pi inajaribu mara 4 za kawaida, inashindwa, inakaa pembeni kwa muda. Sifuri maana yake jaribu bila kikomo. Kama uliandika kadi kwa Imager, muunganisho unaweza kuwa unaitwa preconfigured. Hakikisha kwa nmcli con show.

Ikigoma bado, tuwekee hapa majibu ya journalctl -u NetworkManager -b, ukishafuta jina la waifai yako.