Maswali na Majibu: Ukurutu wa Ukubwani

*Shikamoo daktari. Nina miaka 38 na ukurutu ninao tangu utotoni. Nikipaka dawa ya tyubu hutulia, nikiacha hurudi palepale kwenye mikunjo ya viwiko. Je, mwili umeizoea dawa? – Msomaji, Ngamiani*

Marahaba. Si kwamba mwili umeizoea. Dawa yako, ambayo bila shaka ni ya steroidi, huzima uvimbe wa ngozi, lakini haibadilishi maumbile ya ngozi yenyewe, ambayo kwa mtu mwenye ukurutu hupoteza maji upesi na kuruhusu vichokozi kupenya. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mgonjwa kuacha kila kitu siku muwasho unapokoma, ilhali ndiyo siku ya kuendelea na mafuta. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato angalau mara mbili kwa siku, hasa dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwa sehemu zinazorudia, muulize daktari wako kuhusu kupaka steroidi siku mbili tu kwa wiki hata ngozi ikiwa safi, kwani utaratibu huo hupunguza marudio. Kipimo ni dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza, nayo hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Wengi hupaka kidogo mno kwa woga, kisha huilaumu dawa.

Msimu wa kaskazi jasho litakuchokoza zaidi. Vaa nguo za pamba, na ukitoka jasho oga kwa maji yasiyo ya moto.

*Nafanya kazi kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Mikono hupasuka, nikienda likizo hupona. – Msomaji, Muheza*

Umekwisha kujijibu nusu. Utomvu wa mkonge una chembechembe kali mithili ya sindano, na ngozi yenye ukurutu haiuvumilii. Vaa glavu za pamba ndani ya zile za mpira, nawa kwa sabuni isiyo kali badala ya sabuni ya unga, na umwombe msimamizi akuhamishie kazi nyingine wakati mikono ina vidonda. Ukiona majimaji, magamba ya manjano au homa, usingoje likizo. Nenda hospitali, kwa kuwa huenda vijidudu vimeingia.

*Bibi anasema nioge baharini, chumvi itaukausha. – Msomaji, Raskazone*

Chumvi haiponyi ukurutu, na kwenye ngozi iliyopasuka huwasha kama pilipili. Ukipenda kuogelea, ogelea ngozi ikiwa imetulia, kisha jisuuze kwa maji baridi na upake mafuta.

*Dukani nimeuziwa krimu ya kuchanganya. Ngozi imetakata na muwasho umekwisha. Niendelee? – Mama, Chumbageni*

Hapana, mama yangu. Krimu za namna hiyo mara nyingi hufichwa steroidi kali, na ndiyo sababu muwasho ulikwisha haraka. Zikitumiwa kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, hasa usoni, na huleta michirizi isiyofutika. Kama umeitumia muda mrefu, kuiacha ghafla kunaweza kuamsha ukurutu kwa kishindo, kwa hiyo lipeleke kopo lake kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kuiacha. Madoa meusi yanayoachwa na ukurutu si ugonjwa; hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa.