Mtetemo wa simu: maswali yenu

Ndani ya simu kinachotetema ni kitu gani?

Ni mota ndogo. Ya aina ya zamani ina kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja wa mhimili. Kikizunguka, uzito huvuta huku na huku na simu nzima hutikisika. Ya aina mpya haizunguki. Uzito wake umeshikwa na springi, na sumaku ya umeme huusukuma mbele na nyuma.

Mbona mtetemo wa kibodi yangu unakera, wa rafiki yangu ni raha tupu?

Angalia unavyokatika. Mota ya kuzunguka huchelewa kushika kasi, na umeme ukikatwa bado huzunguka kidogo kabla ya kusimama. Ya springi huwahi kuanza, tena inaweza kupewa msukumo wa kinyume ikome papo hapo. Jaribu: andika "mama" kwa kasi. Ukihisi mipigo minne iliyoachana, mota yako ni nzuri. Ukihisi mvumo mmoja mrefu, zima mtetemo wa kibodi tu, ule wa simu inayoita uuache. Mimi naona mtetemo mbaya ni afadhali usiwepo, maana unakiambia kidole uongo.

Je, kitufe kisichobonyea kinaweza kuhisiwa kama kinabonyea?

Ndiyo, na hapa ndipo ufundi huu unaponifurahisha kuliko kote. Kitufe cha chini cha iPhone 7, ya mwaka 2016, hakikuzama hata kidogo: kihisi kilipima nguvu ya kidole, mota ikagonga. Simu ikizimwa, kilikuwa kigumu kama jiwe. Ngozi ina vipokezi vinavyohisi vizuri zaidi mitetemo ya kama 250 kwa sekunde, lakini ni vigumu kwetu kujua mtetemo huo unaelekea wapi. Kwa hiyo uzito wa mota ukienda upande, kidole husadiki kitufe kimezama.

Mtetemo unamaliza betri?

Kidogo. Kioo hula zaidi.

Mama yangu haoni vizuri. Mtetemo utamsaidia?

Sana. Washa TalkBack, huduma ya kusoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, kwenye Android: pamoja na sauti, simu inaweza kumtetemea kidole kinapopita juu ya kitufe. Kwenye iPhone unaweza kumpa kila mpigaji mtetemo wake. Kaa naye, mtengenezee miwili isiyofanana kabisa, mmoja mrefu, mwingine wa mipigo mitatu mifupi. Kisha mpigie simu ikiwa mfukoni mwake, akuambie ni nani.