Moto wa nyika unapungua, wa msitu unazidi

Tangu niandike kuhusu kiangazi, maswali ya moto hayaishi. Nimeokota machache.

Kila nikiwasha televisheni naona kunaungua: mara Ugiriki, mara Kanada, mara Marekani. Dunia inaungua kuliko zamani? (Baba Asha, Tanga)

Ukipima kwa eneo, hapana, na jibu hili huwashangaza wengi. Picha za setilaiti zinaonyesha kwamba eneo linaloungua duniani kwa mwaka lilipungua kwa karibu robo kati ya 1998 na 2015. Zaidi ya nusu ya eneo hilo liko Afrika, kwenye mbuga za nyasi, na huko kamera za televisheni haziendi. Mbuga ikigeuzwa mashamba, ikikatwa na barabara na kulishwa mifugo, moto unakosa pa kupita.

Ila usishangilie, Baba Asha. Nyasi zikiungua Agosti, mvua ya kwanza inazirudisha. Msitu ukiungua, labda mjukuu wako ndiye atakayeuona tena, na kaskazini ya mbali misitu ndiyo inayozidi kuungua. Mwaka 2023 Kanada iliunguliwa na hekta zipatazo milioni 15. Hizo ni zaidi ya Rwanda tano, kwa msimu mmoja.

Joto linawashaje moto? Mbona jua la Dodoma halijawahi kuwasha majani? (Mwanafunzi, Dodoma)

Haliwashi, linakausha. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo inaunyonya kwenye udongo, majani na matawi. Aliyepikia kuni anajua: ukuni mbichi utaupuliza hadi machozi yakutoke, mkavu unashika kwa njiti moja ya kiberiti. Mabadiliko ya tabianchi yanatuanikia kuni, na msimu wa kuanika unarefuka.

Basi anayewasha ni nani?

Mara nyingi ni sisi. Marekani, kati ya 1992 na 2012, asilimia 84 ya mioto ya porini ilianzishwa na watu. Kanada ni tofauti: huko radi ndiyo inayounguza eneo kubwa, kwa kuwa inapiga mbali ambako hakuna wa kuuwahi moto.

Na Kilimanjaro? Tunasikia habari za barafu tu. (Mpagazi mstaafu, Marangu)

Mzee wangu, wewe umeipita miti ya Erica mara nyingi kuliko mimi: ile yenye vijani kama sindano, juu ya msitu mkubwa, inayoning'inia ndevu za kijivu. Ukungu ukipita, matone yananaswa humo na kudondoka ardhini, na maji hayo yanakuja hadi kwenye mifereji ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeusoma mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba maji yanayopotea kwa kukosa miti hiyo ni mengi kuliko yanayopotea kwa barafu kuyeyuka. Wawashaji anaowataja zaidi ni warina asali, kwa moshi wa kufukuzia nyuki. Zamani cheche kama hiyo ingezimwa na unyevu. Lakini barafu inapendeza kwenye picha, Erica haipendezi.

Marehemu babu alichoma pori kila mwaka. Leo ni kosa? (Mama Rehema, Songea)

Inategemea alichoma lini, mama. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi bado zina unyevu, moto unatambaa na kuacha mabaka, na mabaka hayo yanauzuia moto mkali wa Septemba. Hata hifadhini huchoma hivyo. Marekani walifanya kinyume: mwaka 1935 idara yao ya misitu iliagiza kila moto uzimwe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Matawi yakalundikana miaka na miaka, na sasa yanaungua kwa mkupuo.

Eti Hawaii waliunguzwa na nyasi za kwetu?

Kwa sehemu, ndiyo. Juu ya mji wa Lahaina, mashamba ya miwa yaliyoachwa yalikuwa yamejaa nyasi ngeni, zikiwemo za asili ya Afrika zilizopelekwa huko kuwa malisho. Agosti 2023 ulikuja upepo mkali, nyaya za umeme zikaanguka, na watu wapatao 100 wakafa. Kwetu nyasi hizo zina nyumbu, pundamilia na ng'ombe. Kule hazikuwa na mlaji.