"Moroko ilishiriki mara moja": ni mara moja ipi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika makala kuhusu shindano la nyimbo la Eurovision. Nimeandika: "Israel ilipojitoa mwaka 1980, Moroko ilishiriki mara moja." Mwenzangu ameelewa kwamba Moroko iliingia haraka kuziba pengo. Mimi nilikusudia kwamba haijashiriki mwaka mwingine wowote. Nani kakosea? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Mwenzako hajakosea kusoma, nawe hukukosea msamiati. Sentensi ndiyo yenye utata, na utata wenyewe unastahili kuchunguzwa.

Neno "mara" tumelipata kwa Waarabu, kutokana na "marra", na kazi yake ya asili ni kuhesabu matukio. Johnny Logan, aliyeshinda mwaka huohuo wa 1980 kwa niaba ya Ireland, alishinda tena mwaka 1987. Tukisema ameshinda mara mbili akiwa mwimbaji, hakuna atakayeuliza maana. Ireland ilishinda mara tatu mfululizo, 1992 hadi 1994. Hapo pia mambo ni meupe. Utata huanza tunapofika kwenye "moja" peke yake.

Mama akikuita, "Njoo hapa mara moja!", hahesabu safari zako, anataka uje sasa hivi. Jirani naye akikuambia, "Natoka mara moja, niangalizie mtoto," hasemi kwamba anakimbia, wala kwamba hatatoka tena. Anatoka kidogo, atarudi. Kwa hiyo "mara moja" ina maana tatu: hesabu, haraka na muda mfupi. Kamusi nyingi hutosheka na mbili za kwanza, lakini hii ya tatu huisikia kila siku mitaani, na kwangu ni Kiswahili safi kabisa.

Kinachoamua maana ni maneno yanayoizunguka. Kwako, aliyempotosha mwenzako ni "ilipojitoa". Hilo "-po-" la wakati hufunga tukio moja kwenye kisigino cha jingine, na msomaji akishaona Israel inatoka, anangoja kuona nani anaingia na kwa kasi gani. "Mara moja" ikija hapo, ataipokea kama "papo hapo". Ondoa kishazi hicho, uandike "Moroko ilishiriki mara moja, mwaka 1980", na hesabu itarudi yenyewe.

Ukitaka uhakika zaidi, tumia "-me-" badala ya "-li-", kisha ongeza "tu": "Moroko imeshiriki mara moja tu." "-Me-" huifanya habari iwe rekodi ya nchi hadi leo, nayo "tu" hufunga hesabu. Ila angalia "tu" unaiweka wapi. "Mara tu Israel ilipojitoa" ni jambo jingine kabisa: hapo umerudi kwenye haraka uliyokuwa unaikimbia.

Huenda ukashawishika kuandika "Moroko ilishiriki kwa mara ya kwanza". Ni kweli, lakini "ya kwanza" humwahidi msomaji ya pili, na ya pili haijaja. "Mara ya kwanza na ya mwisho" nayo naikataa, kwa sababu inaamua mambo ya kesho. Semi hizo ziweke panapostahili. Samira Bensaid, aliyeiwakilisha Moroko usiku ule mjini Den Haag, aliimba kwa Kiarabu, na lugha hiyo ilikuwa inasikika kwenye jukwaa la Eurovision kwa mara ya kwanza. Mwaka 2009 ilisikika tena, Noa na Mira Awad walipoiimbia Israel. Basi "mara ya kwanza" ni ya Kiarabu, na "mara moja tu" ni ya Moroko.

Kutokuwepo kwa Israel mpe msomaji katika sentensi yake yenyewe, mbali na hesabu. Mimi ningeandika hivi: "Moroko imeshiriki Eurovision mara moja tu hadi sasa, tarehe 19 Aprili 1980. Mwaka huo Israel haikuwepo, kwa kuwa shindano liligongana na siku yake ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Moroko ilipata pointi 7, zote kutoka Italia, ikashika nafasi ya 18 kati ya nchi 19."